Matundu Arobaini ya Sanduku la Mwalimu

Mwaka wa 1993 nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, na hapo ndipo tabu ya vita ilipoanza. Karakana yangu ya masanduku ya bati iliungua na kila kilichokuwa ndani. Wiki ya tatu nilirudi, nikachimbua majivu kwa mikono, nikapata vichwa vinne vya nyundo. Nyundo haiungui, kinachoungua ni mpini. Nilichonga mipini mipya kwa mti wa mparachichi, nikaenda kukaa kando ya barabara ya mtaa wetu, Mutakura, karibu na soko, nikaanza kugonga. Sikupewa kitu na mtu. Shule niliacha mwaka wa pili, lakini chukua rula yako ya shule upime sanduku langu lolote, uone kama pembe itakudanganya.

Nasema haya kwanza ili anayesoma ajue ni nani anayemsema Mwalimu. Maana nataka kumsema, na sitamsema vizuri.

Alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta, zaidi ya miaka kumi. Alifundisha fizikia kwenye shule ya sekondari iliyokuwa ikifunguliwa na kufungwa kama mlango wa choo cha soko. Mtu mrefu, mabega yameanguka, miwani imefungwa kwa uzi. Kila mtu alimwita Mwalimu, hata bibi yake, mkewe wa ndoa. Huyo bibi yake tulimwita Madame, na alistahili kuitwa hivyo: msafi, mnyamavu, mgongo wima chini ya kikapu alichobeba mgongoni.

Nianze na vidole vyake. Alikula ndagala kavu, wale dagaa wa ziwani, siku nzima, kutoka mfukoni, kama mwingine anavyotafuna karanga. Anavunja kichwa, anatupa, anakula mwili, kisha analamba vidole, kimoja kimoja mpaka cha mwisho, na kwa vidole hivyohivyo anashika tonavisi, bisibisi yake ndogo. Kwa tonavisi hiyo anachokonoa sikio, anaangalia alichopata, anakipangusa kwenye suruali, halafu anafungua skrubu. Mimi mikono yangu ina masizi tangu asubuhi, lakini masizi ni uchafu wa kazi. Wa Mwalimu ulikuwa uchafu wa mtu aliyejisahau.

"Fundi, karibu ndagala."

"Mi nilishakula."

"Umekula nini saa hii?"

"Nilikula kukuangalia."

Akacheka. Hilo nalo lilinichukiza. Ukimtukana, alicheka kama vile umempa kiti akae.

Sasa habari ya paa. Madame alirithi nyumba kwa baba yake, vyumba vitatu, pale pale Mutakura. Risasi zilitoboa kuta, lakini paa lilipona: mabati ishirini na moja, mazito, ya zamani, yale yasiyopindika kwa goti. Niliyajua kwa sauti ya mvua tu. Siku moja natazama, Mwalimu yuko juu ya ngazi anang'oa misumari. Aliyateremsha yote ishirini na moja, akayauza, akanunua matumbo ya ordinateri, yaani kompyuta. Na si ordinateri ya kuandikia barua. Ya michezo! Ya kukimbiza magari ya uongo kwenye kioo, wakati magari ya kweli hayana mafuta.

Hesabu yake ilikuwa hivi: watu wamechoka na vita, hawana pa kwenda, watakuja kucheza na watalipa, na kabla ya mwaka kwisha atarudisha paa jipya. Madame alisimama ndani ya chumba chake cha kulala anatazama mbingu.

"Mwaka mumoja, Mwalimu," akasema.

"Mumoja, Madame. Mbele ya Mungu."

Basi kila nitakachosema juu ya lile sanduku, ujue juu yake kuna paa la mwanamke.

Nyumba bila paa hailaliki, na upande wetu wa kaskazini miaka ile hata wenye paa hawakulala kwao. Jioni, kabla jua halijazama, watu waliteremka na magodoro kichwani kwenda kujificha mahali penye walinzi. Mwalimu na Madame walikuwa na ndugu huko Kigobe, karibu na majumba ya serikali, aliyewapa stoo ya kulala. Ina maana masini ile ya michezo nayo ilipaswa kushuka Kigobe kila jioni na kupanda Mutakura kila asubuhi. Kioo kilibaki Mutakura. Kilikuwa kizito kama mbuzi mwenye mimba, na mwizi angekifanyia nini peke yake? Lakini matumbo yalikuwa lazima yasafiri, na katikati ya njia kulikuwa na bariya, kizuizi cha askari. Mwanaume mwenye mzigo alifunguliwa mpaka soksi. Mwanamke mwenye kikapu cha unga, mara nyingi walimpungia mkono apite.

Umeshaelewa. Mwalimu alitaka masini ikae ndani ya kikapu cha Madame, chini ya unga wa muhogo.

"Si ubebe we mwenyewe, we mwanaume?" nilimuuliza.

"Mi watanifungua, Fundi. Watasema nabeba redio ya waasi. Ye hawamufungue."

"Na siku watamufungua?"

Akatoa ndagala mfukoni, akavunja kichwa. "Njo maana natafuta bwatiye ndogo."

Bwatiye, kwa Kifaransa chake, ni lile sanduku linalofunika matumbo ya ordinateri. Kulichagua kulimchukua miezi mitatu. Nimeona watu wakichagua mke kwa muda mfupi zaidi. Alikuwa akipanda Kiriri, mtaa wa wenye mali, mara mbili kwa wiki kumfundisha hesabu mtoto wa mkubwa mmoja, na kule walimpa magazeti ya zamani ya Kifaransa yenye picha za ordinateri. Mtoto huyo pia alimpa kadi ya picha iliyotolewa kwenye masini yake ya zamani, kile kipande kinachofanya mchezo uende bila kukwama. Kadi hiyo Mwalimu aliifunga kwa nepi ya kitambaa, akawa anatembea nayo kifuani kama mtoto mchanga. Ndiyo iliyomtesa, kwa sababu ilikuwa ndefu.

Alikuja kwangu na picha tatu, amezichana, zina alama za mafuta ya samaki.

"Iyi ya kwanza unaonaje?"

"Kabati ya askofu. Madame ataibeba na watu wanne."

"Ya pili?" Ilikuwa bapa, kama masini ya video.

"Iyi inaingia kwa kikapo."

"Inaingia, lakini kadi haiingie. Inatakiwa kusimama." Akaweka ya tatu. Kisanduku cha pembe nne, kifupi, chenye mkono wa kubebea juu yake. "Ni iyi, Fundi. Lita kumi na moja."

"Lita? Sanduku iko bidoni ya maji?"

"Wanapima na lita."

"Nani?"

"Watu wenye wanajua."

Sikuamini, na yeye alitaka kunionyesha. Alikuwa ametengeneza mfano kwa katoni ya sabuni. Akachukua maharage ya Madame, akajaza katoni kwa kopo, anahesabu kopo kwa sauti kama mlevi. Katoni ikapasuka. Maharage yakamwagika kwenye vumbi, mahali alipokuwa ametupa vichwa vya ndagala, na Mwalimu akapiga magoti kuyaokota moja moja kwa vidole vile. Yalipikwa jioni hiyohiyo. Nilialikwa. Nilikataa.

Alikata vijiti: cha urefu wa kadi, cha kimo cha ventilateri, ile feni ya kupoza, cha upana wa kile kipande kinachoingiza umeme. Alivibeba sikioni kama seremala. Kila jioni alitengeneza katoni nyingine na kuiingiza kwenye kikapu cha Madame, naye Madame amesimama anangoja, jua linakwenda, wenzake wameshateremka.

"Geuka kidogo, Madame. Inakugusa mugongo?"

"Inanigusa."

"Na hivi?"

"Mwalimu, mi siko sanduku ya kupimia."

Nilitema mate nikaingia ndani. Lakini mkono wa fundi hauna adabu, ukiona kazi iliyokwama hauwezi kulala. Kesho yake nilimwita. Nikamwambia: kikapu ni duara, kisanduku chako ni mraba, kwa hiyo pembeni kunabaki nafasi inayopotea bure. Kadi yako inazidi vidole viwili. Niuwekee ukuta wa mbele pua. Uvimbe mdogo, wa vidole viwili, mahali pa kadi tu. Pua itakaa ndani ya tumbo la kikapu, na sanduku litabaki dogo.

Alinitazama. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, ikawa chafu zaidi.

"We ulisoma wapi?"

"Sikusoma."

"Njo maana," akasema. Mpaka leo sijui kama lilikuwa tusi.

Nilifanya kazi ile kwa mikebe ya mafuta ya msaada, nimeipasua na kuinyoosha, maandishi yakitazama ndani. Kila pembe niliikunja mara mbili. Pua niliitoa kwa nyundo ya mti, polepole, bila ufa. Kifuniko kilifunika juu na mbavu zote mbili, kama blanketi juu ya mgonjwa. Na kwenye kifuniko hicho Mwalimu alichora kwa makaa matundu arobaini.

"Ya nini yote hayo?"

"Ipumue."

Alikuwa na msemo huo, alikuwa akiupiga kila mahali, shuleni, kanisani, msibani: kila chenye kufanya kazi kinapumua, na chenye hakipumue kinaoza ao kinaungua. Mimi niliona ujinga. Sanduku lenye matundu ni chujio. Masanduku yangu watoto wa bweni wanaenda nayo milimani, unaweza kulitupa moja mtoni Rusizi leo ukalitoa kesho, daftari ikawa kavu. Jina langu liko hapo, katika kuziba. Sasa nitoe mkononi mwangu kitu chenye matundu arobaini, kikalale chini ya unga wa muhogo, na kesho watu waseme fundi fulani hajui kuziba?

Nilitoboa yote arobaini. Mwalimu akaja akapanga matumbo yake ndani, siku nzima, analamba na kufunga, analamba na kufunga, akaniachia kifuniko nikipake rangi. Na sisi watengeneza masanduku tuna desturi: sanduku la heshima linavikwa ndani. Karatasi ya maua kwa mwanafunzi, kitambaa kwa bibi arusi. Sanduku lisilovikwa ni jeneza la maskini. Nikachukua mwavuli mbovu, nikakata kitambaa chake cheusi, nikakibandika kwa gundi ndani ya kifuniko, nyuma ya matundu yote. Kwa nje unaona matundu meusi, basi. Unga hauingii, vumbi haliingii. Nikajiambia, kitambaa kinapumua. Shati si linapumua? Sikumwambia Mwalimu. Fundi haombi ruhusa ya kufanya kazi vizuri.

Sanduku lilikaa ndani ya kikapu kama yai. Madame alilibeba asubuhi na jioni, na mimi jioni niliacha kugonga mpaka nimwone amepinda kona.

Kuhusu bariya, kisa kimoja kinatosha. Siku moja askari mpya, hajui watu, alichoma kikapu kwa kisu cha bunduki. Unga ukamwagika, kisu kikagonga bati: tii!

"Mama, iko nini hapa?"

Madame alijibu papo hapo: "Bwati ya ostia."

"Ya nini?"

"Ostia ya padiri. Ya misa. Unataka kugusa?"

Yule askari alivua kofia, akafanya ishara ya msalaba, akasaidia kurudisha unga juu kwa viganja. Madame alifika Kigobe akatapika. Jumapili akaenda kuungama, naye Mwalimu anasimulia kisa kile kwa kila mteja asiye askari, anacheka mpaka ndagala zinamtoka mdomoni. "Ostia! Bibi yangu, mwanafizikia wa kweli!" Mimi sikucheka. Mwanaume anayecheka juu ya woga wa bibi yake ni mwanaume gani? Lakini niliona pia, na nitaliandika kwa sababu niliona, kwamba kila siku alitembea nyuma yake hatua ishirini, mikono mitupu, mdomo unasoma rozari, na bariyani alikuwa wa kwanza kujitokeza afunguliwe mpaka soksi, ili wachoke naye.

Watu walikuja kweli. Chumba kilifunikwa kwa shitingi ya bluu, turubai la msaada, kiti kimoja mbele ya kioo, na foleni kando ya ukuta: madereva wasio na mafuta, wauza vitunguu, karani mmoja wa posta, Wakongo wa Uvira waliokuja kuuza dagaa na mafuta ya mawese. Wanaume wazima, wanapiga kelele juu ya gari la kioo lililogonga mti! Nje kuna mtaa mzima umegongwa. Askari wa bariya nao walijua njia, ingawa hawakujua masini inalala wapi, na mmoja alikuja na bunduki yake akaiegemeza ukutani.

"Mwalimu, wekea mi ule muchezo wa kupiga watu."

"Apana. Hapa ni gari, ndege, na mupira."

"Najua uko nayo."

"Ya kupiga watu uko nayo inje, mwanangu. Tena bure. Hapa utalipa, utaendesha gari."

Foleni yote ilirudi nyuma hatua moja. Askari akaketi akaendesha gari, akaligonga, akacheka kama mtoto. Nilikaribia kumheshimu Mwalimu siku hiyo. Wiki ile ile nilipita kuchukua nyundo yangu aliyoazima, nikamkuta peke yake mchana, mlango umerudishwa, anacheza mchezo huohuo aliomnyima askari. Anapiga watu. Mdomo wazi, mate kwenye kidevu, machozi yanamteremka, hajipangusi. Sikujua analia nini, sikumuuliza. Nilichukua nyundo nikaondoka. Mnafiki, nilisema moyoni. Nililala na neno hilo likanipa usingizi.

Ikaja kiangazi. Vumbi la Mutakura linaingia mpaka ndani ya yai. Jumamosi moja foleni ilikuwa ndefu, na masini haikuzimwa tangu asubuhi. Saa nane mchana harufu ikatoka, kama nywele zinazoungua. Picha ikasimama. Halafu moshi, mwembamba, mweupe, unapitia kwenye pua yangu, ile pua ya vidole viwili. Mwalimu alirukia waya, akang'oa, akakumbatia sanduku na mikono mitupu, akaungua mpaka kwenye viwiko. Akaingia nalo nyuma ya pazia la shitingi peke yake.

Alikaa huko muda mrefu. Nje watu walianza kusema. Karani wa posta ndiye aliyeanza: "Ni bwati! Ni kazi ya ule fundi wa barabarani! Masini ilikuwa muzima, ni fundi ameiua!" Wengine wakadaka. Nami nimesimama pale kwenye uzio, na kando yangu mwanamke wa shule moja ya masista, aliyekuja siku hiyo kuangalia kazi yangu, maana walitaka fundi wa kuwatengenezea masanduku ya bweni zima. Amefunga midomo. Ananitazama.

Mwalimu akatoka. Mikono inavimba.

"Apana," akasema. "Musimuguse Fundi. Alifanya kama nilimuambia. Ni mi nilichagua ndogo sana. Niliipima vibaya. Ni kosa yangu, na mi njo niko mwalimu wa fizikia. Muende."

Wakamcheka. Wakamwita profesa wa maharage. Aliinamisha kichwa kama mtoto aliyekosa hesabu ubaoni. Na mimi? Nilikunja mikono kifuani nikatikisa kichwa, kama mtu aliyeonya na hakusikilizwa. Mwanamke wa masista alifungua midomo, akaniuliza kama naweza kumaliza kabla ya shule kufunguliwa. Nikasema naweza.

Madame alikuwepo. Alikuwa na kikapu mkononi, kitupu. Alimtazama Mwalimu, halafu akanitazama mimi, halafu mikono yangu. Baada ya siku nane alifunga nguo zake akapanda kwa kaka zake, Kayanza, milimani. Nilimsikia akiagana na bwana wake juu ya ukuta: "Siku nyumba itapata bati, mutaniita." Alimwambia kwa heshima, kama mgeni. Kwa mara ya kwanza sikumsikia Mwalimu akitafuna.

Toka siku hiyo nilimdharau kwa uhakika. Mtu anauza paa la bibi yake, anachagua miezi mitatu, na mwisho anachagua vibaya! Nilisimulia kisa hicho kwa wateja wangu huku nakunja bati. Nilikuwa na lile neno lake, kosa yangu, na nililitumia kama nyundo.

Vita vilikwisha, au walisema vimekwisha. Mimi nilikuwa na kiwanja tayari. Siku moja niliitwa Kigobe kunyoosha geti lililogongwa na gari, na uani kulikuwa na stoo, na kwenye mlango wa stoo kulikuwa na mtu anavunja vichwa vya ndagala. Nywele zote nyeupe. Miwani ileile, uzi mwingine.

"Fundi! Karibu ndagala."

"Nilishakula."

"Bado unakula kuniangalia?"

Akanivutia kigoda. Ndani niliona godoro, daftari za wanafunzi, na juu ya meza, sanduku langu. Pua yake. Rangi yangu. Alilichukua ili atoe ndagala zaidi, maana ndimo alimozihifadhi. Akainua kifuniko, akakigeuza, akakiweka juu ya magoti yangu.

Kitambaa kilikuwepo. Katikati kimeungua, tundu la ukubwa wa kiganja, na pembeni unga wa muhogo umeganda kama uji wa juzi, umeziba kila uzi.

"Mwavuli ilikuwa ya nani?" akauliza.

"Ya mama mukwe wangu."

"Ilikuwa kali. Maji haipite, hewa haipite."

"Ulijua lini?"

"Ile siku. Nilifungua, nikaona, nilianza kucheka, Fundi, mbele ya Mungu. Nikasema: ule mutu ameivalisha koti."

"Na inje ulisema ati ni kosa yako."

"Sasa ningesema nini? Masini ilishakufa. We ulikuwa ungali muzima. Ule wa masista alikuwa anasikiliza, na kwako kulikuwa watoto saba." Akalamba kidole. "Mutu mumoja alishapoteza. Kwa nini wawili?"

Ningekuwa mtu mzuri ningelia. Mimi nilikasirika. Nilisimama, kigoda kikaanguka.

"Nani alikuomba?"

"Hakuna."

"Mi sipewake kitu na mutu! Tangu 1993!"

"Najua. Unasemaka kila siku." Hakuwa ananidhihaki. Hilo ndilo lilikuwa baya.

"Na Madame? Ulimuambia?"

"Madame aliona uso yako. Hakuniuliza."

"Yuko wapi?"

"Kayanza. Anangoja bati." Akaokota kifuniko, akafunika sanduku, akaniwekea kwapani. "Beba. Mi nilitaka kukurudishia tangu zamani. Toboa vizuri."

Nilitembea kwa miguu mpaka Mutakura na kitu kile chini ya kwapa, kinanuka. Bweni la masista ndilo lililonipa bweni la pili, na la pili la tatu, na la tatu kiwanja. Miaka yote nimepiga kifua. Kumbe nilisimamishwa na mtu anayechokonoa sikio kwa tonavisi. Nilichukia vidole vyake, nikachukia wema wake, na nilipofika nyumbani nikajitazama kwenye kioo cha kunyolea nikaona kitu cha tatu cha kuchukia.

Leo ninamiliki haya. Kiwanja kimoja Mutakura, chenye hati. Nyumba ya vyumba vitano. Karakana ya nguzo sita. Masini moja ya kukunjia bati. Vichwa vinne vya nyundo, vilevile vya majivu, mipini ya tatu. Baiskeli moja, mbuzi wawili, na jino moja la dhahabu.

Mabati yalikuwa sitini. Yamebaki thelathini na tisa. Ishirini na moja yako juu ya nyumba ya Madame. Niliyapigilia mwenyewe, siku mbili, sikuzungumza na mtu, na Mwalimu amekaa chini ya ngazi ananipa misumari kwa vidole vile, kila msumari unateleza kwa mafuta ya samaki. Madame aliteremka na gari la Kayanza siku ya tano, na Mwalimu mlangoni akamsimulia habari ya mwavuli. Alisimama ndani ya chumba chake, akatazama juu, akazunguka polepole.

"Fundi," akasema, "na iyi mumeivalisha koti?"

Nikamwambia apana, Madame.

Na sanduku moja dogo, lenye pua. Kitambaa nimekibandua, matundu yako wazi, arobaini, nimeyahesabu. Nimeliosha kwa sabuni, kwa majivu, na kwa ndimu, na bado linanuka ndagala. Vingine vyote nimevipata kwa mikono yangu. Hilo nilipewa.